Mume Aliyemfuata Kuku Addis Ababa

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Tunakwenda Addis Ababa kuadhimisha miaka kumi ya ndoa, lakini mume wangu hagusi chakula asichokijua. Nimfanyeje?" Nikacheka, kisha moyo ukanichoma kidogo. Mume huyo namjua. Nimeolewa naye.

Wangu alikubali kwenda Ethiopia kwa ajili ya doro wot, kuku wa mchuzi mzito mwekundu wenye yai la kuchemsha ndani. Kuku ni kuku, alisema. Mimi ndiye niliyepanga safari na nilichunguza kila kitu: hoteli, baridi ya usiku, namna ya kubadili fedha kuwa birr. Jambo moja tu lilinipita, nalo ni Kwaresima. Waorthodoksi wa kule hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, hawali nyama, maziwa wala mayai, na hata ikiisha, Jumatano na Ijumaa nyingi za mwaka ni mfungo pia. Kila mgahawa tulioingia, jibu lilikuwa moja: kuku hakuna. Siku mbili nzima baba watoto alikula mkate na soda, akinitazama kama mtu aliyetapeliwa. (Baadaye sana ndipo tulipoelezwa kwamba migahawa ya Waislamu huendelea kupika nyama kama kawaida. Kwa hiyo dada, uliza mapema. Mimi sikuuliza.)

Siku ya tatu ndiyo iliyotuumbua. Tulipatana na dereva atupeleke Debre Libanos, kwenye monasteri ya kale, njiani tuwaone gelada, wale nyani wa nyanda za juu wenye manyoya marefu. Akatuambia kwa Kiingereza kwamba atatufuata saa moja, "one o'clock". Kwa kuwa ni Kiingereza, sisi wajanja tukaifasiri kuwa saa saba mchana, tukazima simu, tukalala. Kumbe Waethiopia huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama sisi! Saa moja yake ilikuwa saa moja asubuhi. Maskini alisimama getini hadi akachoka, akaondoka. Watu wa mataifa mengine wana udhuru wa kukosea jambo hilo. Mswahili udhuru anautoa wapi?

Basi pale mapokezi, mbele ya wahudumu, mume wangu akasema: "Wewe kazi yako kujifanya unajua." Yamepita mengi tangu siku ile, lakini sentensi hiyo bado naisikia kwa sauti yake ileile.

Tukatoka tukitembea mbalimbali hadi kichochoro kimoja cha mtaa wa Piassa, nikaingia kwenye kijimgahawa bila kumshauri. Nikaagiza beyaynetu. Ilikuja sinia imetandikwa injera, mkate wao mpana na laini, na juu yake vilima vidogovidogo vya rangi: adesi nyekundu za berbere (viungo vyao vya pilipili), adesi za manjano, kabichi na karoti, mboga za majani, bitiruti, na katikati shiro inayotokota, uji mzito wa unga wa dengu. Injera yenyewe hupikwa kwa unga wa teff, nafaka yao ndogondogo, uliochachushwa siku kadhaa, ndiyo maana ina uchachu na vijitundu kama sifongo. Uchachu huo ndio hasa uliomkimbiza mume wangu siku ya kwanza, kwa sababu aliionja kavu, peke yake. Usimwonjeshe mtu injera kavu. Tanguliza shiro.

Yeye akakunja mikono. Mama mwenye mgahawa akamwona, akaja, akamega injera, akazoa shiro na adesi, akafungasha tonge akampelekea mdomoni. Desturi hiyo huitwa gursha, nayo ni heshima. Kuikataa ni kumvunjia mtu uso. Baba watoto akafungua kinywa kama mtoto wa kliniki. Akatafuna. Akanyamaza. Halafu akasogeza kiti.

Tulimaliza sinia lile na kuongeza shiro. Leo ukimkuta barazani anawasimulia watu jinsi "alivyoigundua" shiro Addis Ababa. Mimi niliyeiagiza sitajwi.

Wanawake wenzangu, tuambizane ukweli. Mwanamume mwenye njaa habembelezwi kwa maelezo. Acheni kuwasomea waume zenu historia ya chakula kabla hawajala! Agiza, weka mezani, kula wewe kwanza kwa raha zako. Wala usigombane na mtu kabla ya kula. Kula kwanza, kisha mgombane mkiwa mmeshiba. Na uliza siku za mfungo. Na saa, kwa jina la Mungu, uliza ni ya asubuhi au ya mchana.

Jioni ya mwisho tulikaribishwa buna. Kahawa inakaangwa mbele yenu, ubani unafuka, jebena, birika lao la udongo, inateremshwa motoni, na unga uleule wa kahawa unapikwa mara tatu kwa kuongezewa maji: abol, tona, baraka. Haifai kuondoka kabla ya baraka, nasi tulikaa. Kikombe cha tatu kilipofika, mume wangu akanywa funda moja, akaniinamia taratibu. Nikajua sasa naombwa radhi.

"Yule dereva," akasema, "ungeniuliza mimi, ningekwambia ni saa moja asubuhi."

Nikachota bisi, nikatafuna.