Shangazi, asubuhi mimi ni mshindi, saa nne nimeshaishiwa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, ninafanya kazi ofisini. Kila nikiamka nasoma meseji za kutia moyo anazonitumia dada yangu mkubwa, kisha nasimama mbele ya kioo najiambia, "Mimi ni mshindi, leo ni siku yangu." Ikifika saa nne ari yote imekwisha. Nilianza mazoezi, nikaacha. Nilianza kozi ya uhasibu kwa njia ya mtandao, nayo imekwama sura ya tatu. Daftari lake liko kwenye kiti chumbani, chini ya rundo la nguo, na nikipita nageuza uso. Dada anasema tatizo langu ni mtazamo hasi. Je, mimi ni mvivu? Na nimwambieje kuhusu hizo meseji bila kumuumiza?*
*Nimechoka Kuanza Upya*

Marahaba, mwanangu.

Mvivu hageuzi uso akiliona daftari. Analitazama, anapiga miayo, anaendelea na safari yake. Wewe unaona haya, na haya ina dawa yake tofauti kabisa na dawa ya uvivu. Ukijitibu uvivu usiokuwa nao, kwa kujikaripia na kujiwekea malengo makubwa zaidi, unaiongeza ile haya, na nguo zinazidi kupanda juu ya kiti.

Kwanza hicho kioo. Najua kila mtu siku hizi anashauri watu wajisifie asubuhi, na wapo wanaofaidika. Lakini mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Kanada na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliambiwa warudierudie maneno ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wanajiona duni, yaani wale wale waliohitaji msaada, walijisikia vibaya kuliko wenzao waliokuwa duni vilevile lakini hawakurudia maneno hayo. Mimi sishangai. Ukijiambia "mimi ni mshindi", kuna sauti ndani inayouliza papo hapo: mshindi gani, na sura ya tatu iko wapi? Unatoka nyumbani umeshabishana na nafsi yako, na umeshindwa. Ndiyo maana saa nne inakukuta hoi.

Kama lazima useme kitu asubuhi, sema kile ambacho hata ile sauti haiwezi kukikana. "Leo sina hamu, na jioni nitafanya swali moja." Inatosha. Kuwa na mtazamo chanya hakukulazimishi kujidanganya, na dada yako amelichanganya hilo kidogo, ingawa nia yake ni njema.

Sasa nije kwenye lile ambalo natamani ulishike hata kama mengine yote yatakupita. Wewe unangoja hamu ije ndipo uanze. Karibu kila barua ninayopokea kuhusu ari ina ngojangoja hiyo ndani yake. Kwa kawaida hamu hufuata kitendo. Ukishakaa, ukashika kalamu, ukaandika mstari wa kwanza kwa shingo upande, ndipo inapoanza kujitokeza, na siku nyingine haijitokezi kabisa lakini swali limefanyika. Hata wataalamu wanaotibu sonona wana njia iliyojengwa juu ya jambo hili. Hawamwambii mgonjwa asubiri moyo uchangamke. Wanapanga naye shughuli ndogo ndogo zenye saa maalumu, naye anazifanya na uzito wake huo huo moyoni, na wengi moyo unaanza kufunguka wakiwa njiani.

Basi leo jioni usisome. Ndiyo, usisome. Toa zile nguo kwenye kiti, toa daftari, lipeleke mezani, lifungue pale pale ulipoishia, weka kalamu juu yake, kisha nenda zako. Ukiona kurasa zako za mwisho mwandiko ulianza kwenda mbio, usishtuke, ndivyo daftari la mtu aliyekuwa anachoka linavyokuwa. Kesho ndiyo uanze, na uanze kwa mpango huu wenye maneno kamili: "Nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nitakaa mezani nifanye swali moja la uhasibu." Ona jinsi lilivyofungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ametumia miaka mingi kuchunguza mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile", na imeonekana kuwasaidia watu kutimiza nia zao kuliko nia tupu ya "nitajitahidi kusoma". Nadhani siri ni kwamba jioni, ukiwa umechoka, hubakiwi na la kujadili. Vyombo vimekwisha, unakaa.

Swali moja likikuvuta kwenye la pili, sawa. Lisipokuvuta, funga daftari bila kujilaumu. Na mazoezi yaache kwanza. Usinikunjie uso, nimesema kwanza.

Utakosa siku, hilo lipo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia moja ya kila siku, na makadirio yao ya muda wa tabia kuzoeleka yalianzia siku 18 hadi 254, katikati yakiwa siku 66. Ndani ya matokeo hayo kuna habari njema kwako: kuruka siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa kiasi cha maana. Mwanangu, wewe ukikosa Jumanne unatangaza msiba, unangoja Jumatatu ijayo uanze upya na daftari jipya. Jina ulilojipa kwenye barua linanionyesha hivyo. Ukikosa Jumanne, fanya Jumatano, kwenye daftari hilo hilo.

Lipo jambo moja ambalo hukuniambia, nami siwezi kulipita. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, moyo ni mzito au hakuna kinachokufurahisha, na usingizi au hamu ya chakula imevurugika, unajiona huna thamani, basi hayo hayatibiwi kwa mipango ya jioni. Nenda ukamwone daktari au mshauri wa afya ya akili, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Na wazo la kutaka kufa likikujia, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, utafute msaada.

Kuhusu dada: usimwambie aache kukutumia meseji, atadhani umemkataa yeye. Mpe kazi nyingine. Mwambie, "Dada, badala ya meseji ya asubuhi, naomba uniulize saa tatu usiku kama nimefanya swali langu." Wakubwa wanapenda kupewa jukumu. Akiuliza na hujafanya, mjibu "bado", usiongeze sababu.