Uchovu wa Mtu Anayeshinda

Kila tarehe 1 Januari, katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Bavaria, Ujerumani, chai ya mchana huwahishwa. Wazee wanataka wawe wameshakaa mbele ya televisheni kabla warukaji wa skii hawajaanza kule Garmisch-Partenkirchen. Mimi niliyekulia Tanga sikuelewa mchezo wenyewe: mtu anateleza mteremkoni kwa mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, anajirusha, anaelea zaidi ya mita 120 kifua kikilalia upepo, kisha anatua kwa miguu yake. Bibi mmoja alinifundisha kutazama, na ndiye aliyenisimulia habari za mrukaji Mjerumani, Sven Hannawald.

Msimu wa 2001/02 Hannawald alishinda mashindano yote manne ya Ziara ya Vilima Vinne, ambayo Garmisch ni kituo chake kimoja: Oberstdorf, Garmisch, Innsbruck, na Bischofshofen tarehe 6 Januari 2002. Ziara ilikuwa inafanyika kwa mara ya 50, na kabla yake hakuwa ametokea mtu wa kuyazoa yote. Mwezi uliofuata, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, timu yake ya Ujerumani ikaipita Finland kwa pointi 0.1 na kuchukua dhahabu. Mwaka 2004 akaingia kliniki kutibiwa uchovu uliokuwa umemmaliza. Mwaka 2005 akatangaza kustaafu, akiwa na miaka 30.

Bibi alisema, "Sote tulimwona anakonda, tukaendelea kumshangilia." Neno hilo lilinikaa.

Maana mimi nami nilikuwa nashangiliwa. Nilisifiwa kazini kwa sababu sikatai zamu, na nyumbani kwa sababu pesa inafika kila mwisho wa mwezi. Likizo ya wiki mbili ikaisha nikarudi nimechoka vilevile nilivyoondoka. Asubuhi moja nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nikashindwa kukumbuka kinachofuata. Nilikaa hivyo mpaka mwenzangu akaja kunichukua kiatu.

Ndugu yangu uliye ughaibuni, kipimo changu ni hicho cha likizo. Ukipumzika vya kutosha na uchovu usisogee hata kidogo, usijiongezee kahawa. Nenda kwa daktari wako wa kawaida, umweleze kama ilivyo, hata kwa Kijerumani cha kuokoteza. Mimi nilichelewa miezi kwa kuogopa kufukuzwa na kuogopa kuonekana kichaa. Nilikuwa sijui kwamba hapa Ujerumani cheti cha ugonjwa anachopata mwajiri hakitaji unaumwa nini. Sikujua pia kwamba, ukishapita wiki nne za kwanza kazini, mwajiri anaendelea kukulipa mshahara mzima hadi wiki sita za ugonjwa, kisha bima ya afya ya umma inakulipa sehemu.

Sehemu hiyo ni ndogo kuliko mshahara, kwa hiyo waambie wa nyumbani mapema. Hili ndilo lililonitesa kuliko kumweleza daktari. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia, "Kaka, mwezi huu sitaweza." Alinyamaza kidogo, akauliza kama nakula. Ada ya mtoto aliipanga upya yeye mwenyewe.

Na usikimbilie kurudi. Hannawald hakurudi tena kwenye mashindano ya kuruka. Alikwenda kwenye mbio za magari, baadaye akawa mchambuzi wa televisheni, na amekuwa akiuzungumzia ugonjwa wake hadharani. Mimi nilirudi pale pale, ila kwa kupanda taratibu, utaratibu ambao daktari hupanga pamoja na mwajiri na bima: saa tatu kwa siku kwanza, halafu nne, halafu sita. Wiki ya kwanza kazi yangu kubwa ilikuwa kumsogeza bibi yule dirishani na kiti chake, kumfunika blanketi miguuni, na kukaa naye.