Usizime sauti ya chuma: kusaka kwa detekta kwenye fukwe zilizojaa misumari

Ufukwe uliopakana na mahali pa kuundia majahazi, kama Bagamoyo au Nungwi, una tabia yake kwa anayeshika detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa. Kila chombo kilichoundwa au kukarabatiwa hapo kimeacha misumari mchangani, na mbao za chombo kikuukuu zikichomwa, misumari yake yote hubaki kwenye majivu. Fukwe za starehe za Dar es Salaam na Mombasa nazo zina uchafu wao: vizibo vya soda na bia, vijiti vya chuma vya mishikaki, misumari ya vibanda. Mgeni akiwasha mashine husikia kelele kama mvua juu ya bati, na jambo la kwanza analofanya ni kuzima sauti ya chuma ili apate utulivu. Pete nyingi hupitwa kwa sababu hiyo.

Mashine iliyoamriwa kupuuza chuma hunyamaza inapopita juu ya msumari, na huchukua muda kidogo kabla ya kuweza kusikia kitu kingine. Pete iliyo sentimita chache kando ya msumari huangukia ndani ya ukimya huo. Huku ndiko kufunikwa, na kwenye ufukwe wa misumari hutokea kila hatua. Kwa hiyo acha chuma kiongee. Mashine nyingi za sasa hukipa chuma sauti nene, na baadhi hukuruhusu kuishusha peke yake. Ishushe iwe mnong'ono, lakini isikike. Baada ya saa chache sikio huzoea, na mlio mwembamba uliobanwa katikati ya mikoromo utausikia wenyewe.

Kuhusu aina ya mashine tuseme wazi. Detekta ya masafa mamoja, yaani inayotuma mawimbi ya kasi moja tu ya mtetemo, hupata shida kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi: chumvi yenyewe hupitisha umeme, na mashine huiona kama kipande cha karatasi ya bati laini. Mashine za mipigo, zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi, zile ambazo wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Chunya wanazijua, huivumilia chumvi vizuri na hufika chini sana, lakini uwezo wake wa kutofautisha chuma ni mdogo na hauaminiki kitu kikiwa chini sana. Kwenye misumari mingi utachimba kutwa nzima. Tena kisanduku cha baadhi ya mashine hizo hakizuii maji. Kazi hii inataka mashine ya masafa mengi kwa pamoja, kama Minelab Equinox, Nokta Legend au XP Deus II, na koili ndogo, yaani ile sahani ya chini inayohisi metali. Koili ya sentimita 28 inayokuja na mashine huona misumari minne kwa mpigo. Ya sentimita 15 huona mmoja. Unapoteza kina kidogo, unapata utengano, na hapa utengano ndio unaolipa.

Tuchukue mipangilio ya Equinox 800 kwa mfano. Chagua hali ya ufukwe namba 1. Namba 2 ni ya ndani ya maji. Sawazisha na ardhi kwa kupandisha na kushusha koili juu ya mchanga mtupu uliolowa. Nguvu ya usikivu iwe kati ya 15 na 18 hata kama mashine inafika 25, kwa sababu ukiipandisha unaongeza chuma cha chini kwenye kelele ya juu. Kasi ya kutenganisha milio iwe 6 au 7. Halafu kuna kile kipimo (Iron Bias) kinachoamua kama mlio wenye shaka uitwe chuma au la, na wengi hawakigusi. Misumari ikiwa ndiyo mingi, kishushe karibu na 0, maana kikiwa juu pete iliyo kando ya msumari itaitwa chuma. Vizibo vikiwa ndivyo vingi, kipandishe, la sivyo kila kizibo kitaimba kama fedha. Ufukwe mmoja unaweza kutaka vyote viwili, ukihama mita 50 tu.

Fagia kwa koili polepole. Mfagio mmoja wa upana wa mita moja uchukue sekunde mbili hadi tatu, koili iwe sambamba na mchanga bila kuinuka mwishoni, na kila mfagio ufunike nusu ya uliotangulia. Mtu anayetembea kwa mwendo wa matembezi ya jioni hasaki kitu.

Ukipata mlio mzuri, usichimbe bado. Geuka nyuzi 90 ufagie tena. Pete ni duara, kwa hiyo hulia vilevile na mahali palepale. Msumari uliolala hulia vizuri upande mmoja, kisha ukigeuka hukoroma au kitovu chake huhama. Msumari uliopinda ndio mdanganyifu zaidi, huweza kutoa namba ya juu kabisa kwenye kioo, ile inayokisia aina ya metali, lakini namba hiyo hurukaruka na mlio hukatika.

Kizibo kina jaribio lake. Kwa kuwa ni bati la chuma, huimba vizuri chini ya kitovu cha koili. Vuta koili nyuma kidogo kidogo huku ukiitikisa, mpaka kitu kibaki chini ya ncha ya mbele. Kizibo kitaanza kukoroma pale ukingoni. Pete itafifia tu bila kubadili sauti. Chuma kikubwa, kama kipande cha nondo au nanga, hulia kwa upana mno: inua koili sentimita 30, na kama bado kinalia kwa nguvu, acha.

Namba zisikutawale. Kwenye mashine hii chuma ni kuanzia -9 hadi 0, na pete nyingi za dhahabu huangukia kati ya 5 na 20. Karatasi ya pakiti ya sigara na kipete cha kufungulia kopo la soda vipo humohumo. Anayeruka namba hizo ili asichimbe takataka ameiruka dhahabu yenyewe. Sarafu nazo: nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa metali nyingine. Zijaribu kwa sumaku nyumbani ujue zipi mashine itazikoromea.

Kabla ya kwenda pwani, fanya zoezi moja. Fukia pete ya bei ndogo sentimita 10 kwenye mchanga mkavu, weka msumari wa inchi 4 juu ya mchanga, sentimita 20 kando ya mahali pete ilipofukiwa, fagia, kisha usogeze msumari karibu na pete sentimita 5 kila mara. Utasikia pete inavyomezwa. Badilisha koili, badilisha kasi, rudia. Dakika 40 za zoezi hili zinafundisha kuliko wiki ya kubahatisha.

Wapi pa kuanzia? Mawimbi hupanga vitu kwa uzito. Aluminiamu na vizibo vyepesi hubaki juu, karibu na mstari wa mwani. Misumari mizito, risasi za nyavu, sarafu na pete hukaa pamoja chini, kwenye vibonde na palipo na changarawe. Mstari wenye misumari mizito basi si wa kukimbia, ni wa kufanyia kazi kwa koili ndogo. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Dar es Salaam na Unguja hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Anza muda wa saa mbili kabla ya hapo, fuata maji yanavyoshuka, na yakigeuka nawe geuka.

Chekeche lako liwe na matundu ya milimita 8. Ya milimita 12 hupitisha hereni na mkufu. Gandisha sumaku kali ndani yake, nayo itashika misumari kabla hujaanza kuitafuta kwa vidole. Mlio ukitoweka baada ya kuchimba, mara nyingi ulikuwa kutu iliyovunjika. Lakini fagia shimo tena kila baada ya kutoa msumari: aliyefunikwa huonekana baada ya mfunikaji kuondoka. Vaa viatu vigumu, ndoano ni nyingi.

Maeneo ya kale hayasakwi. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na magofu mengine yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Hata kwenye ufukwe wa kawaida, ukiona sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, usizisugue wala kuzihamisha. Piga picha, weka alama mahali, toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale. Kitu kizito chenye umbo la risasi kubwa usikiguse, ita polisi. Kwenye hifadhi za bahari uliza kwanza, na usichimbe panapotagia kasa.

Fukia kila shimo. Suuza koili, mpini na viungio kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ufungue kifuniko cha koili kwanza, kwa maana mchanga wenye vumbi la chuma hujificha humo na hutoa milio ya uongo safari inayofuata. Misumari uliyotoa beba uwapelekee wanunuzi wa chuma chakavu, kisha rudi palepale bamvu lijalo.