Muulize Kapteni: Niuze michikichi nimlipie kijana?

SWALI: Kapteni, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa Mwandiga, Kigoma. Kijana wangu ana leseni ya urubani wa biashara na saa 210 za kuruka, lakini huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Sasa kapata chuo cha nje kinachotoa taipu retingi, yaani cheti cha kurusha aina moja ya ndege, ya Dash 8 Q400. Anasema ndiyo ndege inayotua hapa kwetu, akiwa na cheti chake ajira haimkosi. Ada inanitaka niuze ekari tatu za michikichi. Kila mara tunasikia ndege mpya zimenunuliwa, mbona vijana hawana kazi? Niuze?

JIBU: Usiuze, mzee mwenzangu. Angalau si kwa cheti hicho, na si sasa.

Dash hiyo ina viti 76 na marubani wawili. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132, na marubani ni wawili vilevile. Abiria wakiongezeka, shirika lina njia mbili: kuongeza safari za ndege ndogo, au kuweka kubwa moja. Likichagua kubwa, abiria wote wamesafiri na hakuna rubani aliyeongezwa. Tena cheti cha Dash hakimruhusu kijana kugusa usukani wa Airbus, wala wa ATR, ndege nyingine ya panga boi inayofanana nayo.

Ipo njia ya tatu, na hiyo nimeionja. Kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilikodi ndege mbili pamoja na marubani wake, mafundi wake na bima yake. Ndege zikaruka kila siku zikiwa na nembo yetu, nasi tukakaa nyumbani miezi saba. Mke wangu alikuwa akizipiga pasi shati zangu nyeupe kila Jumapili, wiki ikapita, anazipiga tena. Mkataba wangu haukuwa na sentensi hata moja ya kunilinda.

Marekani, marubani wa mashirika ya United, Delta na American wanayo sentensi ya namna hiyo. Wenyewe wanaiita skopu: kampuni ndogo zinazoruka kwa niaba ya mashirika hayo zisitumie ndege ya zaidi ya viti 76, wala yenye uzito wa kupaa unaozidi tani 39 hivi. Embraer wa Brazil walipounda E175-E2, ikazidi tani 44, kampuni hizo hazikuweza kuichukua. Zikaendelea na E175 ya zamani. Na mwaka 2019 United ilianza kutumia ndege za umbo la viti 70 zilizofungwa viti 50 tu, ili zihesabike kwenye fungu la viti 50, kwa kuwa mkataba unaweka pia kikomo cha idadi ya ndege za viti 70 na zaidi. Nadhani umeona jinsi namba iliyoandikwa kwenye mkataba inavyoshika ajira ya mtu.

Kijana wako anachokosa ni saa. Leseni ya juu, ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria, inadai saa 1,500. Azitafute kwenye Caravan, zile ndege ndogo za injini moja zinazobeba watalii, hata akianza kwa kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na kupakia mizigo. Wengi tunaowaona mbele leo walipitia huko.

Akipata mwajiri, aulize kabla ya kusaini: nitarusha ndege gani, mtabaki nayo miaka mingapi, na mkikodi ndege yenye marubani wake mimi nitakuwa wapi? Cheti cha ndege hiyo mara nyingi mwajiri hukilipia, kwa kumfunga miaka kadhaa. Barua ya ajira ikifika, niandikie tena kabla hajaweka sahihi. Tutaisoma mstari kwa mstari.