Mgonjwa mwenye Siku Sifuri: kwa unayeanza kazi ya kumbukumbu za upandikizaji

Ukiletwa kwenye timu ya upandikizaji wa seli shina, yaani seli za uboho zinazozalisha damu, kuja kuurekebisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, kitakachokuchanganya kwanza ni hesabu ya siku. Huku hutasikia "Jumatano". Utasikia "chumba cha nne yuko hasi mbili". Siku mgonjwa anapopewa seli ndiyo sifuri. Siku za dawa kali za kuufyeka uboho wa zamani huhesabiwa kurudi nyuma, -6, -5, -4, na zinazofuata huenda mbele hadi siku ya 100 na kuendelea. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya hospitali nzima hauyajui hayo. Unajua tarehe tu.

Mimi nilianza kwa kuuhurumia mfumo. Niliandika maagizo ya dawa kwa tarehe, pembeni nikaongeza maneno "siku -5" ili yasomeke. Haikupita muda, mtoaji wa seli akashikwa na homa, uvunaji wa seli zake ukasogezwa siku 2 mbele. Dawa zilikuwa hazijaanza, kwa hiyo tukabadilisha tarehe kwa mkono, agizo moja baada ya jingine, na moja tukalisahau. Muuguzi wa usiku akafungua skrini akakuta dawa ya siku -5, ilhali ubao wa wodi unasema leo ni -7. Alinipigia simu saa nane usiku, na hakuwa amepiga kunijulia hali. Dawa haikutolewa, kwa sababu aliuamini ubao kuliko kazi yangu.

Kwa hiyo maagizo yote yaning'inie kwenye sehemu moja tu ya kujaza: tarehe ya siku sifuri. Ikisogea, yanasogea pamoja. Lakini weka kufuli. Dozi ya kwanza ikishaingia mwilini, tarehe isisogee mpaka daktari na mfamasia waidhinishe, na dozi zilizokwisha kutolewa zibaki pale pale zilipo. Tena wapo wanaopandikizwa mara ya pili. Hao wana siku sifuri mbili, na ya pili isiifute ya kwanza.

Baada ya hapo nenda kakae na watu wa benki ya damu, na usiende kwa haraka. Mgonjwa wa kundi O akipokea seli za mtoaji wa kundi A, atakuwa O kwa muda, kisha vipimo vitaonyesha mchanganyiko, na mwishowe atakuwa A. Mfumo wa kawaida ukiona hivyo hupiga kelele kwamba sampuli zimebadilishana, na mgonjwa aliyechoka anachomwa sindano nyingine bure. Hatari zaidi ni mwenye haraka anayeingia na "kusahihisha" kundi la damu. Tenga sehemu tatu: kundi lake la awali, kundi la mtoaji, na kanuni ya sasa ya nini aongezewe. Hiyo ya tatu waijaze benki ya damu wenyewe, maana katika kipindi hicho chembe nyekundu zinaweza kutoka kundi moja na plazma, yaani majimaji ya damu, kundi lingine. Agizo la damu iliyopigwa mionzi nalo lijitokeze bila mtu kulikumbuka.

Mtoaji awe na faili lake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Majibu yake ya homa ya ini au virusi vya UKIMWI yakionekana kwenye faili la mpokeaji bila kuandikwa ni ya nani, umewakosea wote wawili.

Chanjo ni fupi lakini husahaulika. Kinga ya utotoni kwa kiasi kikubwa hupotea, kwa hiyo zima vikumbusho vinavyodhani alishachanjwa na uanzishe ratiba mpya. Chanjo zenye vimelea hai, kama ya surua, kwa kawaida husubiri angalau miezi 24.

Kuna vitu utaambiwa uviache viandikwe kama maelezo huru. Kataa. Seli mpya huhesabiwa kuwa zimeshika pale neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zinapofikia 500 kwa mikrolita siku 3 mfululizo, na tarehe inayoandikwa ni ya siku ya kwanza kati ya hizo. Kompyuta inaweza kuipendekeza, mtu akaithibitisha. Kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni lazima mfumo ujue pia lini mgonjwa aliongezewa mara ya mwisho, la sivyo utasherehekea chembe za mtu mwingine.

Upande wa seli T, yaani chembe za kinga, zilizobadilishwa maabara kushambulia saratani, ubongo unaweza kuathirika, kwa hiyo wauguzi hupima ubongo kwa alama 10: kujua mahali na wakati, kutaja vitu, kutii agizo, kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kumi kumi, na kuandika sentensi. Nilijenga kisanduku cha jumla ya alama, nikaridhika. Wiki moja baadaye nikakuta karatasi zimebandikwa ukutani karibu na kitanda: sentensi ile ile, asubuhi imenyooka, jioni imeanza kupinda, ingawa alama zilikuwa bado 10. Sasa fomu ina mahali pa kupiga picha mwandiko, na picha ya jana hufunguka kando ya ya leo.