Tuulize Sayansi: Meno ya kahawia, maji ya Meru na mkaa wa mifupa

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kaskazini na karibu zote zinauliza kitu kimoja, maji yenye floraidi, yaani madini yanayoyeyuka kwenye maji bila kuonekana, kwa hiyo nimeamua safu nzima iende huko. Waliouliza kuhusu mbolea wanivumilie, zamu yao inakuja.

SWALI: Habari kaka. Nimeolewa huku Ngarenanyuki ila nimekulia Muheza, meno yangu hayana shida kabisa. Wanangu wawili wakubwa meno yameota na madoa ya kahawia, wa kwanza hadi yana vishimo. Maji nachemsha kila siku mpaka majirani wanasema namaliza kuni bure, nachuja na kitambaa, watoto wanapiga mswaki na mkaa na kuna siku niliwapa na limao. Nakosea wapi? Na huyu mdogo wa miezi saba itakuwaje? (Mama wa Watatu)

JIBU: Pole sana mama. Hayo madoa hayajaletwa na uchafu, ni floraidi ya kwenye maji, na kuchemsha hakuitoi, tena inaongezeka. Chukua lita 10 zenye floraidi miligramu 4 kwa lita, chemsha mpaka zibaki lita 8, mvuke umeondoka lakini floraidi yote imebaki sufuriani, sasa unakunywa miligramu 5 kwa lita. Usiache kuchemsha lakini, maana vijidudu vya kuhara vinaua haraka kuliko floraidi, ila funika sufuria na yakishatokota ipua, usiyaache yakauke. Kitambaa kinashika tope tu, floraidi imeshayeyuka kama chumvi, inapita.

Kwa nini hapo kwako na si Muheza? Miaka kama elfu nane iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, kifusi kikatapakaa huko chini na maziwa ya Momella yakajitengeneza juu yake, na mto Engare Nanyuki unatokea humo humo. Majivu na mawe ya volkano ile yana floraidi nyingi na maji yakipita humo taratibu yanaibeba. Sehemu nyingi duniani kalsiamu ya kwenye mawe inaikamata floraidi wanagandana pamoja, lakini mawe ya Meru yamejaa sodiamu na kalsiamu ni haba, hivyo hakuna wa kuikamata, inabaki kwenye maji mpaka kwenye kikombe chako. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Engare Nanyuki imeshapimwa ikapita 20, na Momella ni mamia kabisa. Ndio maana pia unaweza kukuta chemchemi moja ya juu mlimani ina maji mazuri na kisima cha chini yake kidogo hakifai, inategemea maji yametembea wapi na kwa muda gani, kwa hiyo usimuulize jirani maji yake yakoje ukadhani na ya kwako yako hivyo hivyo, peleka sampuli ikapimwe.

Sasa watoto, na hapa naomba unisikilize vizuri. Meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya ufizi tangu uchanga mpaka miaka kama 8, floraidi inaharibu gamba la jino wakati huo, jino likitoka limeshaamuliwa. Kwa hiyo hao wakubwa usiwasugue na mkaa wala limao, limao linakula gamba lililobaki, wapeleke kwa daktari wa meno, kuna kusugua tabaka la juu kitaalamu na kuna kufunika, mtoto akicheka asizibe mdomo na mkono. Ila huyo wa miezi saba bado tunaye! Maziwa yako yana floraidi kidogo sana hata kama wewe unakunywa maji hayo hayo, kwa hiyo endelea kumnyonyesha, na uji wake upike na maji ya mvua. Weka bati, mfereji na simtanki, mvua ya kwanza iache ioshe paa kwanza ndio ukinge. Na usihangaike kutafuta maji safi ya kufulia na kuogea, floraidi haipiti kwenye ngozi kiasi cha kukudhuru, hayo ya mvua yatunze kwa kunywa na kupikia tu na mtoto awe wa kwanza.

SWALI: Mkuu nimesikia mkaa wa mifupa ya ng'ombe unatoa floraidi. Mi nina mchinjaji rafiki yangu hapa Usa River, mifupa inatupwa bure. Naweza nikachoma mwenyewe nikatengeneza filta niuze? Na sisi Waislamu inakuwaje? (Kijana wa Usa)

JIBU: Umesikia sawa mdogo wangu, na kazi hii imefanyiwa utafiti karibu na kwako kabisa, kile kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kipo kwa ajili hiyo hiyo, na upande wa Kenya Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imetengeneza filta hizi kwa miaka mingi. Mfupa umejaa madini ya kalsiamu na fosifeti, kwa kitaalamu haidroksiapataiti, na ndani yake kuna nafasi zilizokaliwa na haidroksaidi, yaani chembe za oksijeni na haidrojeni zilizoungana. Floraidi ikipita inafanya kama abiria wa daladala, mmoja anashuka mwingine anakaa kiti hicho hicho. Meno na mifupa ya mtu nayo ni madini ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo tunaipa floraidi mfupa wa ng'ombe ikae huko badala ya kwenye mwili wa mtu.

Shida iko kwenye kuchoma, na hapo wengi wanaharibu. Moto wa kawaida wa uwanjani haufai, unataka tanuri linalobana hewa na joto la nyuzi kama 400 mpaka 500 hivi. Ukitoa mfupa uvunje uangalie katikati. Ukiwa wa kahawia na unanuka, mafuta na nyama bado vimo, na ukiuloweka kwenye kikombe cheupe maji yanageuka rangi ya chai na hakuna atakayeyanywa. Ukiwa mweupe umeungua kupita, hewa iliingia au moto ulizidi, na uwezo wake wa kushika floraidi umeshuka sana. Unaoutaka ni mweusi mpaka ndani, hauna harufu. Unausaga uwe punje za milimita moja au mbili, unga unga unaupepeta kwa sababu unaziba filta, halafu unaosha mpaka maji yatoke meupe.

Kuhusu kuuza nakuomba usikimbilie. Mkaa ukishajaa floraidi huoni dalili yoyote, maji yanatoka masafi, matamu, na floraidi yote imo, mteja anaendelea kumpa mwanae miaka mitatu akijua yuko salama. Nenda Ngurdoto kwanza ukajifunze, kila ndoo utakayouza ujue maji ya mteja yana kiasi gani, maana filta ya mtu wa miligramu 3 na ya mtu wa miligramu 15 hazichoki pamoja, na uwe unarudi kuyapima. Biashara bila kupima usifanye kabisa.

Hilo la dini ni swali la haki, wapo watu wamekataa filta kwa sababu hiyo tu. Kwa kuwa unajua mifupa inatoka wapi, chukua ya ng'ombe waliochinjwa kihalali peke yake, usichanganye na ya kuokota, na mweleze sheikh wako mbele ya wateja namna unavyotengeneza. Mtu akijua chanzo anatulia.

SWALI: Sisi tunakunywa maji ya bomba mazuri ila kande bila magadi haziivi. Kuna ubaya? (Mzee wa Tengeru)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Upo, magadi ya huku kaskazini yanaokotwa kwenye udongo na maziwa hayo hayo ya bonde la ufa, mengine yana floraidi nyingi sana na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Waambie waloweke mahindi na maharage usiku kucha, yale maji wayamwage, asubuhi yataiva bila magadi na kuni zitapungua. Kwa wajukuu hasa, magadi yatoke jikoni.

SWALI: Niko Naivasha. Daktari anasema tutumie dawa ya meno yenye floraidi, nyie mnasema floraidi ni mbaya. Tushike lipi? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Yote mawili, inategemea kiasi na inapita wapi. Ya kwenye dawa ya meno inagusa jino kwa juu, inalikinga lisioze, kisha unatema. Ya kwenye maji unaimeza kila siku, inaingia kwenye damu na kufika kwenye meno yanayojengwa, na kwa mtu mzima aliyekunywa nyingi kwa miaka inafika mifupani, viungo vinakaza. Wewe mkubwa endelea na dawa yako. Mtoto chini ya miaka mitatu ni kipunje tu kwenye mswaki, umsimamie wewe, na kwa kuwa maji ya Naivasha nayo mengi yana floraidi, mwambie huyo daktari mnakunywa ya wapi kabla hajakuandikia kitu.