Anayepiga kura mara moja moja ndiye wa kuchunguzwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, inawezekana kujua mapema wafuasi wa chama gani watajitokeza kwa wingi zaidi katika uchaguzi wa rais wa Marekani?" Jibu langu ni ndiyo, tena kwa kiasi kikubwa kuliko wengi wanavyodhani, ila si kwa njia tunayoizoea kwenye televisheni siku chache kabla ya uchaguzi. Wanaopiga kura kila mara wanajulikana. Wasiopiga kabisa nao wanajulikana. Kazi ngumu ni kumsoma yule wa katikati, anayejitokeza mwaka huu na kukaa nyumbani uchaguzi unaofuata, na huyo ndiye ambaye wachambuzi na vyama vyenyewe wamekuwa wakimsoma vibaya kwa miaka mingi.

Nianze na kile kinachojulikana. Marekani, uliyempigia kura ni siri yako, lakini kwamba ulipiga kura si siri. Baada ya mkanganyiko wa kuhesabu kura Florida mwaka 2000, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 2002 iliyoyataka majimbo yanayoandikisha wapiga kura yawe na daftari moja la kompyuta kwa jimbo zima. Humo mna jina, anwani, mara nyingi umri, na orodha ya chaguzi ulizoshiriki. Vyama, watafiti na kampuni za takwimu huyapata madaftari hayo na kuyasoma mstari kwa mstari. Mtu aliyepiga kura 2018, 2020, 2022 na 2024, na kura za mchujo za kuteua wagombea wa vyama katikati, huna haja ya kumpigia simu kumuuliza kama atakwenda. Atakwenda. Aliyejiandikisha tangu zamani na mbele ya jina lake hakuna tarehe hata moja, matumaini kwake ni madogo hata akuapie.

Na kuapa wanaapa. Kupiga kura ni jambo la heshima, kwa hiyo ukimuuliza mtu kama atapiga, wengi husema ndiyo kuliko watakaofika kituoni. Ndiyo maana kampuni za kura za maoni zilibuni chujio: maswali ya kutenganisha watakaojitokeza kweli na wanaosema tu. Unafikiria uchaguzi mara ngapi? Unajua kituo chako kiko wapi? Uliwahi kupiga kura hapo? Kampuni ya Gallup ndiyo iliyoongoza njia hiyo tangu miaka ya 1950. Tazameni kilichowapata mwaka 2012. Katika uchunguzi wao wa mwisho, walipowahesabu wote walioandikishwa, Barack Obama alikuwa mbele. Walipowapitisha kwenye chujio na kubakiza "wapiga kura watarajiwa", mpinzani wake wa Republican, Mitt Romney, akapita kwa pointi moja, asilimia 49 kwa 48. Obama alishinda kwa karibu pointi 4. Chujio lililotengenezwa kuondoa kosa ndilo lililoleta kosa, kwa sababu liliwatupa nje watu wasioonyesha hamu ya siasa wanapoongea kwenye simu, lakini ambao siku ilipofika walipanga foleni.

Kuna jaribio jingine ambalo ningependa kila msomaji wa kura za maoni alijue. Septemba 2016, gazeti la New York Times liliwahoji wapiga kura 867 wa Florida. Kisha likachukua majibu yaleyale, ghafi, na kuwapa wataalamu wanne tofauti, kila mmoja akokotoe kivyake. Majibu ni yaleyale, watu ni walewale. Mmoja akampa Hillary Clinton uongozi wa pointi 4, mwingine pointi 3, mwingine 1, na wa nne akamweka Donald Trump mbele kwa pointi 1. Hesabu ya gazeti lenyewe ilimpa Clinton pointi 1. Tofauti ya pointi 5 ilitoka kwenye uamuzi wa mtaalamu tu: ni nani atajitokeza, na kila kundi lipewe uzito gani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha iliyo wazi kuliko zote ya tunachokizungumzia. Tunaposema "kura ya maoni inaonyesha", nusu ya tunachokiona ni makisio ya mtu kuhusu mahudhurio.

Sasa nije kwenye mtego unaonikera zaidi, wa kuhesabu kura za mapema kwa chama. Majimbo yapatayo 30 humruhusu mwananchi ajiandikishe kwa chama, kwa hiyo wiki mbili tatu kabla ya uchaguzi taarifa hutolewa kila asubuhi: kura zilizorudi za Wademokrati ni hizi, za Warepublikani hizi, za wasio na chama hizi. Watu huzishika kama matokeo. Kwanza, majimbo mengine muhimu kabisa, kama Georgia, Michigan na Wisconsin, hayaandikishi kwa chama, kwa hiyo takwimu za chama mnazozisikia kutoka huko ni makadirio ya kompyuta. Pili, chama kwenye daftari ni kumbukumbu ya zamani. Kentucky imempa kura mgombea wa Republican katika kila uchaguzi wa rais tangu mwaka 2000, ilhali walioandikishwa kama Wademokrati walikuwa wengi kuliko Warepublikani jimboni humo hadi mwaka 2022. Walihama moyoni zamani, karatasi ikachelewa kuwafuata.

Nevada inafundisha zaidi, na naomba nikae hapo kidogo. Kwa miaka mingi mwandishi wa habari Jon Ralston alikuwa akizisoma kura za mapema za jimbo hilo kwa umahiri mkubwa. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Wapiga kura wengi wa Nevada wako kaunti ya Clark, yaani Las Vegas na vitongoji vyake, na Wademokrati walijenga huko akiba ya kura za mapema ambayo kaunti za vijijini hazikuweza kuifikia siku ya uchaguzi. Ukijua ukubwa wa akiba hiyo, umejua mshindi. Ilifanya kazi uchaguzi baada ya uchaguzi.

Halafu ardhi ikasogea chini ya kanuni. Wapiga kura wa Nevada walipitisha uandikishaji wa moja kwa moja mwaka 2018: ukienda ofisi ya leseni za udereva unaingizwa kwenye daftari, na usipochagua chama unaandikwa huna chama. Katika miaka michache wasio na chama wakawa kundi kubwa kuliko Wademokrati na kuliko Warepublikani. Mwaka 2020, katika janga la korona, jimbo lilianza kumtumia kila mpiga kura karatasi kwa posta. Mwaka 2020 Warepublikani waliambiwa waiogope kura ya posta. Mwaka 2024 wakahimizwa wapige mapema, na wakafanya hivyo, hata wakamaliza kipindi cha kura za mapema wakiwa mbele. Je, walikuwa wapya, au walewale wa siku ya uchaguzi waliobadilisha siku tu? Na wale wasio na chama, vijana wengi kati yao, wangeegemea wapi? Ralston alipima yote hayo kwa uaminifu, akatabiri Kamala Harris angeshinda kwa tofauti ndogo mno. Trump alishinda Nevada kwa takriban pointi 3, Mrepublikani wa kwanza kushinda hapo tangu George W. Bush mwaka 2004. Kama mtu anayelijua jimbo lake kiasi hicho alipotoka, basi mgeni anayelinganisha jedwali la 2024 na la 2020 akadhani amepata ufunguo, anajidanganya. Chaguzi hizo mbili hazikupigwa kwa kanuni zilezile wala kwa mazoea yaleyale.

Lakini kosa kubwa kuliko yote si la hesabu. Ni imani iliyokaa vichwani kwa muda mrefu kwamba watu wengi wakijitokeza, Wademokrati hufaidika, na wachache wakijitokeza, Warepublikani hufaidika. Ilikuwa na msingi. Vijana, maskini, watu weusi na Walatino walikuwa wakipiga kura kwa uchache zaidi, na wengi wao waliegemea Democratic, wakati wazee na wenye nyumba zao, walioegemea Republican, hawakosi. Kwa hiyo chama kimoja kilihimiza watu wajitokeze na kingine kiliona wasiwasi.

Kisha wapiga kura wakabadilishana vyama. Wenye shahada, ambao ndio wanaokwenda kituoni bila kuhimizwa, walihamia Democratic kwa wingi tangu 2016. Wasiosoma hadi chuo kikuu, wanaojitokeza kwa vipindi, walimwelekea Trump, kwanza wazungu, baadaye sehemu ya Walatino pia. Kituo cha utafiti cha Pew, ambacho huoanisha majibu ya watu na daftari la wapiga kura ili kuthibitisha kama kweli walipiga, kilionyesha mageuzi hayo waziwazi. Mwaka 2020, wasiopiga kura walimpendelea Joe Biden kwa 46 dhidi ya 35. Mwaka 2024, wasiopiga kura waligawanyika karibu sawa, huku Trump akiwa mbele kidogo. Waliopiga 2024 baada ya kukosa 2020 walimpa Trump asilimia 54 na Harris 42. Na kati ya waliompigia Biden 2020, asilimia 15 hawakupiga kabisa 2024. Kwa waliompigia Trump, asilimia 11. Wapeni uzito takwimu hizo. Mahudhurio ya 2020 yalifika takriban asilimia 66 ya wenye sifa, makubwa kuliko yoyote tangu mwaka 1900, na Democratic ilishinda. Ya 2024 yalikuwa karibu asilimia 64, bado ya juu sana kwa historia ya nchi hiyo, na Republican ilishinda. Idadi ya jumla haikusema lolote kuhusu mshindi.

Ndiyo sababu chaguzi ndogo zilizofanyika 2023 na mwanzoni mwa 2024 ziliwapoteza wengi. Wademokrati walifanya vizuri mara kwa mara katika chaguzi zenye watu wachache, na wengine wakasoma humo ishara ya uchaguzi wa rais wa Novemba. Zilikuwa ishara za kweli kuhusu nani mwaminifu wa kufika kituoni, wala hazikuwa ishara kuhusu mamilioni watakaoongezeka siku ya rais. Kura za mchujo ndizo dhaifu zaidi. Mwaka 1988 Wademokrati walipata wapiga kura wa mchujo karibu mara mbili ya Warepublikani, na Novemba Michael Dukakis akaangushwa na George Bush mkubwa kwa kishindo.

Sisemi mahudhurio hayana uzito. Katika kaunti ya Wayne, iliko Detroit, Clinton mwaka 2016 alipata kura zipatazo 76,000 pungufu ya alizopata Obama miaka minne nyuma. Michigan nzima ilimponyoka kwa kura 10,704. Baadhi walihama nchi au mji, baadhi walibadilisha upande, lakini wengi walibaki nyumbani, na hakuna aliyeishi Michigan anayeweza kusema haikujalisha.

Mazingira nayo yana nguvu kuliko rangi ya chama. Wisconsin, ambako unaweza kujiandikisha siku ileile ya uchaguzi na ambako kila kura inagombaniwa, mara nyingi hupita asilimia 70. Hawaii, ambako mshindi anajulikana kabla, huhangaika kufika nusu. Na hata msukumo mdogo huonekana. Mwaka 2006, katika kura ya mchujo ya Michigan, watafiti walihusisha kaya zipatazo 180,000, nyingine wakiziacha bila barua. Barua moja ilimwonyesha mtu rekodi yake na ya majirani zake ya kupiga au kutopiga kura, ikiahidi kutumwa tena baada ya uchaguzi. Katika kaya zisizopata barua, mahudhurio yalikuwa asilimia 29.7; katika zilizopata barua hiyo ya majirani, 37.8. Karatasi moja, pointi 8. Binafsi naona barua ya namna hiyo inamtia mtu aibu isiyostahili, na sishangai kwamba waliopokea barua kama hizo katika chaguzi za baadaye walikasirika. Ila imethibitisha kwamba anayeyumba anaweza kusogezwa, na anayetabiri bila kuuliza nani anamsogeza anaacha nusu ya hesabu mezani.

Kwa hiyo, mkinitaka nitabiri mahudhurio ya vyama kwa uchaguzi wa 2028, nitaanza na daftari, si kura za maoni. Nitawatenga waliopiga 2024 lakini hawakupiga 2022 wala 2018. Hao ndio waliojitokeza kwa ajili ya rais pekee, na katika majimbo ya ushindani ndio walioamua. Halafu nitauliza swali moja ambalo takwimu za zamani haziwezi kunijibu: kwa kuwa Katiba haimruhusu Trump kuchaguliwa tena, je, wale waliokuwa wakija kwa ajili yake watakuja kwa ajili ya chama chake? Katika chaguzi za Bunge za 2018 na 2022 jina lake halikuwa kwenye karatasi, na wengi wao hawakuja. Nikilazimishwa kuweka dau leo, nasema sehemu kubwa watakosa tena, pengo la mahudhurio litawanufaisha Wademokrati, na jumla ya waliojitokeza itashuka chini ya ile ya 2024. Lau Warepublikani wakimpata mgombea anayemwamsha fundi wa Las Vegas asiye na chama, aliyepiga kura mara moja tu maishani, nitaibadilisha hesabu yote siku hiyohiyo.